Mfuko wa Mwisho wa Tuija

Mdogo wangu Tuija tulimzika Februari, ardhi imeganda kiasi kwamba wachimbaji walilazimika kuipasha moto kwanza. Watu walinipa mkono wakasema ametutoka. Angenitokaje? Damu yote niliyo nayo ni yake.

Nilipopata saratani ya damu, madaktari waliuua uboho wangu, ule ute wa mifupani unaotengeneza damu, kwa dawa kali, wakanipandikizia wa Tuija. Niliingia hospitali nikiwa kundi A, nikatoka nikiwa kundi O kama yeye. Siku ile alikaa dirishani akaniambia, "Usinishukuru, Raili. Ukinishukuru nitaichukua tena damu yangu." Ana mdomo huyo! Mwaka haukuisha, akaanguka mlangoni kwake akizoa theluji. Moyo. Mgonjwa nikabaki, mzima akaenda. Haya, nani anayepanga mambo haya, nimuulize?

Mumewe, shemeji Taisto, akaanza kuja kwangu kila Jumamosi. Mwanzoni nilifurahi, maana nyumba ya mtu mmoja inachosha. Nilimchemshia kahawa, nikampa mkate wa iliki, akala kimya kimya, wanaume wa kwetu ndivyo walivyo. Kisha siku moja nikamenya tufaha, nikatia kipande mdomoni, midomo ikaanza kuwasha na kuvimba. Mimi nimekula matufaha tangu nimeota meno. Aliyekuwa hawezi kuyala ni Tuija.

Taisto aliweka kikombe chini. "Ni yeye," alisema.

"Ni mzio, shemeji. Daktari alisema unaweza kuhama pamoja na uboho. Kunywa kahawa yako."

"Ni yeye, Raili."

Alinitazama kama mtu anayechungulia dirishani aone nani yumo ndani. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa peke yangu. Nikinawa, nahisi tunanawa wawili. Nikijikata kidole jikoni naona haya, kana kwamba nimemwaga kitu cha wenyewe.

Mwezi wa Mei daktari Wahlroos akaniita. Chembe zangu mwenyewe zilikuwa zimeanza kuchomoza tena kwenye damu, na hizo ndizo zenye ugonjwa. Za Tuija zilikuwa zinazidiwa nguvu. Lakini walipomtoa Tuija zile za kunipandikizia, walihifadhi za ziada kwenye friza, na mfuko mmoja ulikuwa bado upo. Wakinitia hizo, huenda zikausaka ugonjwa na kuumaliza. Huenda pia zikanigeukia mimi mwenyewe, ngozi na ini.

"Na nisipowekewa?" niliuliza.

"Sidhani kama utaiona Krismasi."

Daktari yule hazunguki, na mimi nilimpendea hilo. Nikasema sawa, niwekeeni.

Jumamosi nikamweleza Taisto. Nilidhani atafurahi.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Waambie wauache pale ulipo."

"Shemeji, nitakufa!"

Alikuwa anakisugua kitambaa cha meza kwa kidole gumba. "Ndani yako amechanganyika na wewe. Mle kwenye mfuko yuko peke yake. Ndicho kitu chake pekee kilicho hai, Raili. Wakikiyeyusha, nimemzika mara ya pili."

Nilimwakia. "Na mimi je? Mimi ni nini, chupa ya kumwekea mkeo? Chukua koti lako utoke nyumbani kwangu!"

Akatoka, koti akaliacha. Nilikaa nimelishika, kwa hasira kwanza, halafu kwa kumwonea huruma, halafu kwa hofu tupu, kwa sababu sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inakubaliana naye, na sikujua ni sehemu ya nani.

Ruhusa yake haikuhitajika. Tuija alikwisha kuitoa mwenyewe akiwa hai. Lakini siku ya kuwekewa nilimkuta Taisto mlangoni mwa wodi, amevaa suti ileile ya mazishi. Hakuniomba radhi, na mimi sikumfukuza. Tuliingia pamoja. Muuguzi alikuwa ameuzamisha mfuko kwenye maji ya uvuguvugu.

"Naomba niushike," alisema Taisto.

"Samahani, baba, haiwezekani. Ukishayeyuka lazima uingie upesi."

"Basi nionyeshe tu."

Muuguzi akauinua. Kitu kidogo, rangi ya waridi iliyofifia. Ungeweza kukificha kiganjani.

"Ni baridi?" aliuliza Taisto.

"Si baridi tena," alisema muuguzi, akaufunga kwenye mpira wangu wa dripu.

Harufu ya dawa ya kuhifadhia chembe ikanipanda kooni na kujaa chumba kizima, kama mahindi ya kopo. Taisto aliivuta kwa nguvu, macho ameyafumba. Mimi niliziba pua.

Kiangazi kile Tuija alinipiga. Sina neno jingine. Ngozi ya viganja ilibabuka, mdomo ukajaa vidonda, macho yakawa ya manjano. Madaktari walisema ni chembe zake zinafanya kazi, na wakanipa dawa za kuzituliza. Mimi nililala nikimsemesha kwa sauti. "Tuija, mdogo wangu, ni mimi, Raili. Si adui. Niachie kidogo tu." Taisto alikuwa ananilisha uji kwa kijiko, anasikia kila neno, wala hakushangaa. Alisubiri, kana kwamba kuna mtu atanijibu.

Oktoba nikaanza kusimama. Daktari alipopiga simu Taisto alikuwa jikoni kwangu, nikaiweka kwenye spika tusikie wote.

"Habari njema kabisa," alisema daktari. "Damu yote ni ya mdogo wako. Tumekutafuta wewe kwa kila kipimo tulicho nacho, na hatujaona hata chembe moja."

Nikamshukuru, nikakata simu. Umepona, nilijiambia. Furahi basi, wewe mwanamke! Taisto alikuwa analia kwa furaha, machozi yanamlowesha masharubu. Akanishika kifundo cha mkono, akatafuta mapigo kwa vidole viwili, akayapata.

"Umerudi," alisema. "Asante Mungu, umerudi."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, Raili, lakini niliogopa kufungua mdomo.