Mnanaa wa Fundi Viatu

Fundi viatu na bintiye, mpiga pasi kwa dobi, walibaki wawili tangu mama wa nyumba afariki. Siku moja maharage yakamjaza baba gesi, mbavu zikambana. Binti akachuma mnanaa alioupanda kwenye kopo la rangi dirishani, akautia maji ya moto, akaufunika kwa kisahani. Haikupita nusu saa, baba akapiga mbweu ya haja.

"Huyo katoka!" akasema. "Kumbe nimezaa daktari bila kulipa ada!"

Binti akacheka hadi akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu msiba.

Ikawa desturi. Kila jioni kikombe, kila jioni swali.

"Vipi tumbo, baba?"

"Limetulia, mama. Mkono wako una dawa."

Mwezi wa kwanza lilikuwa linatulia kweli. Mwezi wa nne baba alianza kuacha nusu ya sahani, akisingizia meno. Binti aliamini, maana kila asubuhi alimwona ametoka na shati lililonyooka. Aliyatia wanga mashati yale, akayapiga pasi mpaka yakasimama yenyewe. Hakujua yalikuwa yanasimama bila mtu ndani.

Mwezi wa sita baba akaanguka kibandani, nyundo mkononi.

Kwenye zahanati, nesi akamfungua mkanda. Binti akaona matundu matano mapya, yamepangwa sawasawa kama ya kiwandani. Fundi alikuwa akijitobolea mwenyewe, moja baada ya jingine, kimya kimya.

"Amekuwa akitumia nini?" nesi aliuliza.

"Mnanaa."

Nesi hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mnanaa hauna ubaya, dada. Tumbo likijaa siku moja mbili, unasaidia. Ila tumbo lisilopona, na mtu anakonda hivi, huletwa mapema."

Wakapelekwa hospitali, daktari akasema ni uvimbe, tena umeshaenea. Wakarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Binti alimlaza baba, akasimama mlangoni, akashindwa kutoka.

"Kwa nini ulinidanganya, baba?"

"Ulikuwa unacheka mara moja tu kwa siku, mwanangu. Nikikwambia limetulia."

"Kicheko changu, baba? Ndicho ulichokinunua kwa roho yako?"

"Nilidhani litapita. Kisha nikaona limekuwa kubwa, nikaogopa kukutia huzuni ya pili."

Binti akapiga magoti kando ya kitanda. Akapangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Basi leo usinifiche. Linaumaje?"

Fundi akaukazia macho ukuta. Midomo ikamtetemeka kama ya mtoto aliyepotea sokoni akaulizwa jina la mamaye. Akagusa chini ya mbavu.

"Huanzia hapa," akasema, na machozi yakamtoka. "Linauma, mama. Linauma mno."

Binti akaweka kiganja chake hapo hapo, polepole, akamwacha aseme yote.