Kichwa Upande wa Kaskazini

Haya, tegua hiki: nina maiti chumbani, akiamka huulizia supu. Usikimbilie kujibu. Kaa kwanza na Bibi Tomie, huko kisiwani Shikoku, Japani, kando ya mto, siku aliyofikiwa na mjukuu wake.

Kanata alitokea jioni, kalowa jasho, baiskeli imebeba mifuko kila upande. Bibi hakuwa amemwona tangu msiba wa babu yake. Mitsuyo, mama yake Kanata, aliapa kutokanyaga tena pale kwa sababu aliitwa kwa kuchelewa: alipofika kutoka Tokyo alimkuta baba yake keshalazwa kama wafu wa huko walazwavyo, kichwa kaskazini, kitambaa cheupe usoni.

"Ndiyo baiskeli hii? Mbona nyembamba kama mbu?" Bibi alisema.

"Usiicheke, Bibi. Imenitoa Tokyo."

"Basi itakaa hapo mlangoni. Matope yake hayapandi kwenye mikeka yangu."

Wakala. Bibi akamwongezea wali, ndipo akauliza lililomkaba. "Mama yako kakutuma, au umejileta?"

Kanata akajaza wali mdomoni, akasema samaki ni mtamu.

Bibi alimpa kimono, joho la kulalia, akamtandikia kwenye chumba cha madhabahu ya wazee waliotangulia, kichwa mashariki.

Asubuhi alisukuma mlango wa karatasi, akaganda. Kanata kalala chali, kichwa kaskazini, taulo jeupe limemfunika uso. Kimono kaifunga upande wa kulia juu, kama wanavyofungwa maiti wanaokwenda kuchomwa.  Bibi hakumgusa, hakuita jirani. Alitambaa hadi kwenye simu.

"Mitsuyo," alisema, ulimi mzito. "Kanata ametutoka. Safari hii nakwambia wewe wa kwanza."

Upande wa pili kikasikika kitu kikianguka na kuvunjika.

"Bibi, unaongea na nani? Supu ipo?"

Bibi akageuka. Maiti alikuwa kasimama mlangoni, taulo begani, anajikuna mbavu.

"Nani huyo anayetaka supu?" Mitsuyo akauliza kwenye simu.

"Ni marehemu," Bibi akajibu, meno yakigongana.

Kumbe kijana aligeuza godoro apate kuilinda baiskeli yake kwa macho, na taulo alijifunika jua la alfajiri lisimwamshe.

"Na hiyo kimono?"

"Nyumbani nalala na kaptula, Bibi. Nimefunga tu ilimradi."

"Kichwa maji wewe. Nusura unizike mimi."

Simu ilikuwa bado sikioni. Mitsuyo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mama," alisema, "Mama, kaa chini kwanza, upumue." Tangu msiba ule Bibi hakuwa ameitwa hivyo. Akakaa pale pale sakafuni, mkono mmoja umeshika pindo la nguo ya mjukuu wake, hataki kuliachia.

"Jana nilikuuliza kitu," akamwambia.

Kanata akaitazama simu, kisha akamtazama bibi yake.

"Ni yeye aliyenituma, Bibi. Alisema nije nione kama bado unamtaka, ndipo naye aje."