Nafasi ya Sheikh

Kavumbi wa Ganda alikuwa mtu mgumu wa kuweka dole gumba lake kwenye karatasi ya mtu. Aliliweka mara moja kwa karani wa kodi ya kibanda, na mwaka uliofuata akaambiwa jiko la mamake nalo ni kibanda. Tangu siku hiyo akiona wino huupisha kama apishavyo siafu. Lakini mwaka ule wa mbiu ya ardhi waliliomba dole lake kwa heshima, mbele za watu, na heshima ndiyo iliyommaliza.

Mbiu ilipigwa kutoka Mvita hadi Mto Sabaki: kila mwenye ardhi mwambao aje kwa afisa wa ardhi athibitishe kuwa ni yake. Isiyothibitishwa itakuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mfalme huyo hajapata kukanyaga Malindi, hajui ufuta unapandwa mwezi gani, lakini ndiye mrithi wa kila shamba lisilo na karatasi. Na Wagiriama je? Makarani waliwajibu bila kuinua kichwa: nchi yenu iko bara, ng'ambo ya mpaka, huku ni nchi ya Sultani wa Unguja, Mwingereza ameikodi tu, nyinyi huku ni wapita njia.

Wapita njia! Mamake Kavumbi, Bi Kahonzi, alifika Ganda mwaka wa Njaa ya Magunia, mume amemzika njiani na Kavumbi akimfuata nyuma kwa miguu iliyovimba. Mahali pale palikuwa pori la nyani. Zamani lilikuwa shamba la babake Sheikh Harith, mkubwa wa mjini Malindi, likilimwa na watumwa. Watumwa walipotoroka, mwenyewe hakujua jembe linashikwa upande gani, akalitupa. Bi Kahonzi alilifyeka, akang'oa visiki kwa mikono, akapanda minazi arobaini. Sasa minazi inazaa, mwenyewe nyonga zimekufa, hatembei. Kila asubuhi Kavumbi humbeba mgongoni akamweka kwenye kitanda cha kamba nje ya mlango, aione.

Basi siku moja ya mavuno Kavumbi na jirani yake Randu walipeleka ufuta Malindi dukani kwa Gokaldas. Kando ya duka hilo ndipo aliposhonea Fundi Abubakr, mshona kanzu, mtu mwembamba mwenye maneno mengi kuliko uzi. Herufi za Kiarabu alifundishwa chuoni. Za Kizungu alijifundisha mwenyewe kwenye viberiti na magunia ya Gokaldas. Siku hiyo baraza yake ilijaa watu.

"Tutoke!" alikuwa akisema Abubakr, sindano mkononi. "Mwambao utoke kwenye himaya ya Mwingereza, turudi kwa Sultani wetu. Tumeungwa na bara kwa amri ya nani? Mwingereza alikodi pwani kama mtu akodivyo chumba. Sasa mpangaji anabomoa kuta na kuuza milango! Mwenye nyumba amwambie, bwana, toka."

"Na sisi tuliomo chumbani ni nini, Fundi?" akauliza Randu, akitua gunia. "Mikeka?"

Watu wakacheka. Gokaldas akachungulia mlangoni, kalamu sikioni. "Mimi nauliza hivi. Mkitoka, forodha ya nani? Mzigo wangu unaokwenda bara utapita mpakani nimepiga magoti?"

"Wewe Gokaldas hata siku ya kufa utauliza ushuru wa kuni za kukuchomea."

"Lazima niulize! Kuni zimepanda siku hizi." Akacheka yeye mwenyewe, kisha uso ukamrudi. "Lakini mwanangu Manilal amezaliwa hapa, Fundi. Serikali ikibadilika, wa kwanza kuulizwa ametoka wapi ni yeye. Mimi sitaki kutoka, sitaki kubaki. Nataka kuachwa."

"Hilo ndilo halipo," alisema Abubakr.

Kavumbi alikuwa amesimama juani. Akasema polepole, "Fundi, ile bendera nyekundu ya Sultani mimi naijua. Ilipokuwa ikipepea peke yake, ndugu wa mamangu alichukuliwa kwa kibaba cha mtama, mwaka wa njaa nyingine ya zamani, akawa mtumwa hapa hapa mjini. Mama alikuja kumgomboa akaambiwa amekwisha vushwa Pemba. Leo unaniambia nirudi kwa mwenye bendera."

Sindano ya Abubakr ikasimama. "Hayo yamepita, ndugu yangu."

"Yamepita kwako."

Abubakr hakuwa mtu mbaya. Akaiweka kanzu chini. "Sawa. Kwako hayajapita. Lakini nisikilize. Ukibaki na Mwingereza, wewe ni mpita njia, shamba la Mfalme. Tukitoka, utasimama mbele ya kadhi, na sheria ya kadhi inamjua mtu aliyehuisha ardhi iliyokufa. Mamako aliikuta imekufa au haikufa?"

"Ilikufa."

"Basi! Na Sheikh Harith nimemuuliza kwa kinywa changu. Amesema shamba la Ganda baba yake aliliacha. Sema nyingine."

Kavumbi hakuwa na nyingine. Alikuwa na serikali mbili mbele yake: moja ilimchukua mjombake, na moja inachukua shamba. Mtu akifikishwa mahali pa kuchagua nani amwibie, huchagua yule anayejua kusema vizuri. Na tuseme kweli, Abubakr alijua kusema.

Ijumaa iliyofuata watu wa Ganda na watu wa mjini walikutana kwenye baraza ile ile. Abubakr alikuwa ameandika waraka kwa Sultani, karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na maneno: sisi watu wa mwambao, Waislamu na wasio Waislamu, tunaomba kutolewa katika himaya hii. Ya pili ilikuwa ya majina na madole.

Sheikh Harith alipofika wote walisimama. Mzee wa joho jeusi, sauti ya chini, pete ya muhuri kidoleni. "Shikamoo, Sheikh." "Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni." Akasomewa waraka, akafumba macho mpaka mwisho. "Tutoke," alisema, "lakini kwa adabu. Nitaupeleka Unguja mimi mwenyewe."

Mtu mmoja alilia kwa furaha.

Kisha ikaja habari ya kutia majina. Nani ataandika jina lake juu ya jina la Sheikh Harith? Mjini Malindi hata kwenye hati ya ndoa ya maskini, mkubwa huachiwa nafasi ya juu. Mtoto anayeandika juu ya mzee huchapwa. Abubakr akamsogezea kalamu. Sheikh akaisukuma kwa upole. "Mimi nitatia muhuri mwisho, nikishaoga kwa safari. Niachieni nafasi yangu hapo juu. Na masharifu nao watataka kuingia. Acheni nafasi ya kutosha."

Waliacha nusu nzima ya juu ya ile karatasi ya pili.

Zuleikha, mke wa Abubakr, aliyekuwa akidarizi kofia nyuma ya pazia, akamwita mumewe. "Mbona hapa juu peupe?"

"Nafasi ya Sheikh."

"Sheikh mmoja ana upana huo? Mwambie atie sasa hivi."

"Nimwambie mzee yule harakisha? Mbele za watu? Wewe mwanamke unataka nihame mji?"

"Basi piga mstari hapo kati."

"Mstari wa nini? Wa kumwonyesha kwamba simwamini?"

Mstari haukupigwa. Kitu kidogo kama hicho, upana wa ukucha, wala wino usingepungua.

"Aanze mtu wa Ganda," alisema Sheikh, na akamwonyesha Kavumbi kwa kidole cha pete. "Sultani aone kwamba hata Wagiriama wanamtaka."

Hapo ndipo heshima ilipomwingia Kavumbi kichwani. Katika maisha yake yote hajapata kuambiwa aanze, popote, na mtu yeyote. Akasogea. Abubakr akaandika: Kavumbi wa Kahonzi, mkaaji wa Ganda. Kavumbi akakandamiza dole. Randu alinung'unika, "Mimi naweka kwa ajili yako, si kwa ajili ya Sultani," akaweka la pili. Wakafuata wengine, wakatimia sitini na wawili. Sheikh akaondoka na karatasi zote mbili.

Jioni alimsimulia mamake. Bi Kahonzi alisikiliza huku akitazama minazi. "Na juu yako yupo nani?"

"Sheikh Harith, mama."

"Umemwona akiweka?"

"Ataweka."

Mama akageuza uso ukutani.

Mwezi ukapita, ukapita wa pili. Sheikh hakusafiri, ilikuwa homa, kisha ikawa pepo za bahari, kisha arusi ya mjukuu. Abubakr akimwendea alikaribishwa kahawa na tende, akarudi bila jibu. Mwezi wa tatu afisa wa ardhi akawasili, akaketi kwenye ukumbi wa serikali na karani wake, na shamba la Ganda likaitwa.

Kavumbi alikuja na shuka safi. Alikuwa amefikiri maneno yake njia nzima: pori, visiki, minazi arobaini. Lakini aliitwa kwanza Sheikh Harith bin Nasor. Karani akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti.

"Sisi tuliotia madole hapa chini, wakaaji wa Ganda na mji wa Malindi, tunashuhudia kwamba ardhi ya Ganda, pande zote mbili za njia, ni milki ya Sheikh Harith bin Nasor aliyoirithi kwa baba yake, na kwamba wanaoilima wanailima kwa idhini yake na hisani yake." Akageuza kichwa. "Wa kwanza, Kavumbi wa Kahonzi, mkaaji wa Ganda."

Kavumbi aliitambua ile karatasi kabla hajaelewa maneno. Dole lake lilikuwa na kovu la panga. Kovu lile lile lilikuwa pale, jeusi, kama limekaa kumngoja. Pale palipokuwa peupe, nafasi ya Sheikh, palikuwa pamejaa mistari mizuri ya mkono mwingine, imebanana, na chini yake muhuri. Karatasi ya kwanza, yenye maneno ya Abubakr, haikuonekana.

"Uongo!" Abubakr alisimama. "Majina ni mkono wangu, lakini hayo ya juu siyo! Huo ulikuwa waraka kwa Sultani!"

"Waraka wa nini?" afisa akauliza kupitia kwa karani.

Abubakr aseme nini mbele ya Mwingereza, kwamba ulikuwa waraka wa kumfukuza? Akasema hata hivyo. Karani akafasiri. Afisa akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba sisimizi wameitisha mkutano.

"Madole ni ya kweli?"

"Ya kweli, lakini..."

"Yaliwekwa kwa hiari?"

"Juu palikuwa patupu!" Kavumbi akapiga kelele. "Tuliweka chini ya patupu!"

"Mtu mzima," alisema karani, naye alikuwa mwana wa mji ule ule, akijua fika kwa nini palikuwa patupu, "huweka dole kwenye karatasi tupu?"

Ukumbi ukacheka. Waliocheka sana ni wale ambao madole yao yalikuwemo. Afisa akaliandika shamba kwa jina la Sheikh.

Nje, kivulini mwa ukuta, Abubakr alimkabili Sheikh. Mzee hakukimbia.

"Mwanangu, ningeupeleka Unguja wangeufanyia nini? Sultani mwenyewe anakula kwa mkono wa Mwingereza. Hatutoki. Hatutatoka. Nimeuliza Mvita, nimeuliza wakubwa. Nikasema angalau kiokolewe kimoja. Ardhi hii isipokuwa yangu ni ya Mfalme, na kesho ni ya mzungu wa pamba."

"Si ungeandika karatasi yako mwenyewe?"

"Bila mashahidi?" Akamgeukia Kavumbi kwa sauti ile ile ya chini. "Wewe sikufukuzi. Mfalme asingekujua hata jina. Mimi nakujua."

Kibaya zaidi ni kwamba aliamini anachosema.

Abubakr hakufungwa. Kufungwa kungekuwa heshima. Serikali haikumjali, na watu aliowakusanya wakaacha kumpelekea kanzu, wakisema ndiye aliyewauza. Alikwenda Ganda mara moja na karatasi mpya, akamwambia Kavumbi, "Weka dole juu kabisa, tuanze tena." Kavumbi akamuuliza, "Na chini yangu nani?" Abubakr akatazama njia aliyokuja nayo. Hapakuwa na mtu.

Randu alifunga mbuzi wake akaelekea Ganze, kwenye mavumbi, ambako maji hufuatwa kutwa nzima. "Huko hakuna anayepataka," alisema. "Njoo." Kavumbi akamtazama mamake kitandani. Mtu humbeba mama mgongoni mpaka mlangoni. Mpaka Ganze hambebi, na akimfikisha atampa nini cha kunywa?

Masika yalipokaribia, Masha, mnyapara mpya wa Sheikh, alikuja na hati ya kulima: theluthi ya ufuta kwa mwenye ardhi, na nazi za minazi arobaini nusu kwa nusu. Masha naye alikuwa mtu wa Ganda, dole lake la tisa katika yale sitini na mawili. Hakumtazama Kavumbi usoni. Akaikunjua hati juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Nionyeshe juu," alisema Kavumbi.

Masha akamwonyesha. Safari hii hapakuwa patupu. Jina la Sheikh lilikuwa pale kwa wino mzito, na muhuri wake, na jina la afisa, na muhuri wa serikali wenye simba, vyote vimekaa sawasawa, havikuacha nafasi hata ya kupita uzi. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo chini kabisa pembeni.

Bi Kahonzi alikuwa kitandani pake nje ya mlango, macho juu ya minazi. "Kavumbi," aliita, "yule mtu anataka nini?"

"Maji, mama," alisema Kavumbi, na akalitia dole lake kwenye wino.