Careen Amelala

Mwanangu Careen alimzaa Saimon, akamlea miezi mitatu. Walilala kitanda kimoja. Asubuhi moja aliamka akamkuta mtoto amekuwa wa baridi chini ya mkono wake. Siku ya mazishi, mbele ya watu, nilimwambia, "Ulilala kama gogo." Niliyasema mimi, mama yake. Nimemwomba msamaha mara nyingi, lakini tangu siku ile hakulala tena.

Mwaka huu akashika mimba nyingine. Ilipofika mwezi wa tano alikuwa amekonda, anasinzia amesimama dukani kwangu, mteja anaomba mbegu za mahindi yeye anampa mbolea. Nikafunga duka, nikampeleka kwa Daktari Swalehe, mtaalamu wa usingizi aliyekuja Songea kwa miezi michache.

Walimbandika waya kichwani, wakapima ubongo wake usiku kucha.

"Anasema halali kabisa," daktari alisema, "lakini analala vipande vipande. Kila baada ya dakika chache ubongo unaamka kusikiliza."

"Unasikiliza nini?"

Careen ndiye aliyejibu. "Pumzi, mama."

Daktari hakumpa vidonge. Alimpa masharti: asipande kitandani mpaka usingizi umkamate, akikaa macho atoke, akakae kwenye kiti, mchana asilale, kila asubuhi aandike amelala kwa saa ngapi. Nilisimamia mwenyewe. Nikimkuta amejinyoosha kwenye kochi namwinua.

"Mama, ungefaa kuwa askari magereza."

"Na wewe ungefaa kulala usiku. Inuka!"

Tulicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Wiki ya saba wakampima tena. Daktari alitandaza karatasi mezani, anatabasamu.

"Umelala saa sita mfululizo. Ona mawimbi haya makubwa, huo ni usingizi mzito. Tiba imefanya kazi."

Nikapiga makofi. Careen aliweka kidole kwenye yale mawimbi.

"Hapa, daktari, nilikuwa nasikia?"

"Sauti kubwa, ndiyo. Kilio cha mtoto humwamsha mama upesi."

"Na mtoto asiyelia?"

Daktari alivua miwani. "Huyo hapana."

Tulipotoka alikaa kwenye benchi la nje.

"Kumbe bado naweza," alisema.

"Unaweza nini?"

"Kulala vile. Nilikuwa najipa moyo, mama. Nilisema huyu atakuwa salama kwa sababu mimi silali tena."

"Tutamchongeshea kitanda chake, alale peke yake. Seremala yupo."

"Mchongeshee. Kiwekwe chumbani kwako."

"Careen, usianze upuuzi."

"Akizaliwa umchukue siku hiyo hiyo. Maziwa nitakukamulia kwenye kikombe. Mimi nitakwenda kupanga chumba mjini."

Nilimfokea. Nilimwambia mimba si yangu, na mtoto anamhitaji mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia, macho meupe, uso umetulia, uso wa mtu aliyelala akashiba. Nikaona hakuna la kumrekebisha. Dawa imeshamwingia, na mimi ndiye niliyemnywesha.

Jumamosi seremala alileta kitanda.

"Nikiweke wapi?"

Careen akamwonyesha mlango wa chumba changu.

Seremala akacheka. "Kwani mtoto ni wa bibi?"

"Ndiyo," Careen alisema, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Nilishika upande mmoja, seremala akashika mwingine, tukakiingiza.