Siku Mama Mkwe Alipoizima Nyumba

Mama mkwe wangu, Ma Sun-rye, anaishi peke yake mjini Cheongju, ghorofa ya kumi na moja, na nyumba yake nzima inaongea. Sufuria ya umeme inatangaza wali ukiiva. Mashine ya kufua inaimba. Jokofu linalalamika mlango ukikaa wazi. Vyote alinunuliwa na mwanawe Gi-tae, mume wangu, mtu asiyejua kupenda bila kununua kitu chenye plagi.

Asubuhi ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka wafu, tulimwandalia marehemu baba mkwe meza yake: wali mpya, samaki, peasi, na songpyeon, keki ndogo za mchele tulizokanda jana yake. Kabla hatujainama, mama akasema, "Gi-tae, zima hivi vitu. Baba yako hakupenda kelele."

Gi-tae akagusa simu yake. "Tayari, mama. Vyote."

Mama akapiga magoti. "Baba Gi-tae," akaita taratibu, "karibu ule."

"Samahani," ikajibu spika ya rafuni, "sijampata Baba Gi-tae kwenye majina yako. Nimtafute mtu mwingine?"

Wifi yangu Mi-suk akajiziba mdomo. Mama hakucheka.

"Si umesema umezima?"

"Nimezima, mama. Hapo imelala, inasikiliza tu ili ukiihitaji iamke."

"Sikusema uilaze. Nimesema zima!"

Gi-tae akabonyeza kitufe cha spika. Ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa nao. Ikataka namba ya siri. Televisheni nayo ilizimika ikabaki na kijitaa chekundu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Sufuria ilipochomolewa, ikatangaza kwamba imechomolewa.

"Labda tuzime wifi," nikasema.

"Mimi tena nimefanya nini?" akaruka Mi-suk.

Mama akanyanyuka, akafungua kisanduku cha umeme mlangoni, akashusha swichi kuu.

Sikuwahi kuisikia nyumba ile ikinyamaza. Tuliinama. Mama akammiminia mumewe pombe ya mchele, akampa habari za mwaka: goti lake, jirani aliyehama, Mi-suk kuachana na yule daktari wa meno.

"Mama, hiyo ningempa mwenyewe," Mi-suk akanong'ona.

Gi-tae alikuwa analia, na mikono yake haikujua ishike nini.

Tulikuwa tunakula mlango ulipogongwa kwa ngumi. "Bibi Sun-rye! Kama unatusikia, gonga chochote!"

Mama akafungua. Nje walisimama kijana na dada mmoja waliovaa sare za kampuni ya kuangalia wazee, na machela mikononi.

"Poleni sana," dada akasema kwa upole. "Marehemu yuko chumba gani?"

"Marehemu ameshakula," mama akajibu. "Ninyi ni nani?"

Ikabidi Gi-tae aseme. Alikuwa amemsajili mama kwao bila kumwambia. Vifaa vyote vikinyamaza kwa pamoja, mitambo yao huamini mwenye nyumba amefariki.

"Niko hai. Andikeni hivyo, mrudi kwenu mkale sikukuu."

"Hatuandiki sisi, bibi. Lazima kifaa chochote kithibitishe."

"Nimesimama mbele yako na vijiti vya kulia mkononi, binti."

"Mimi nakuona, bibi. Kompyuta ndiyo haikuoni."

Mama akaitazama ile machela. Kisha akauliza, "Mmekula?"

Hawakuwa wamekula. Tangu alfajiri walikuwa wanazunguka na machela, maana sikukuu wazee wengi huzima. Wakaiegemeza ukutani karibu na viatu, wakaketi. Simu ya dada ikawa inalia kila mara, ikiuliza kama mwili umepatikana.

"Izime basi, tule."

"Haizimiki, bibi. Ni ya kazini."

Mama akaichukua, akaifukia chini ya magodoro yaliyokunjwa kabatini.

Sahani zilipobaki tupu, aliwasha umeme mwenyewe, wasije wakagombezwa kwa ajili yake. Vyombo vyote vikaimba kwa pamoja, kila kimoja wimbo wake, na kutoka kabatini tukasikia sauti ikitangaza, "Mteja yu hai."

Gi-tae aliagizwa kumwondoa mama kwenye kampuni ile. Alihangaika mpaka majani yakapukutika, maana kampuni inakubali sababu mbili tu za kujitoa: kufa au kuhama. Mama alichagua kuhama. Kwenye mitambo yao sasa anaishi kisiwani Jeju, na akinipigia simu hunieleza jinsi bahari ya huko ilivyotulia.