Sufuria Iliyotembea Bure Mara Nane

Mtu wa ranchi hata umpeleke wapi, atatafuta nyasi tu. Macharia, anayesafirisha vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou, alizaliwa Laikipia, ambako kila mwaka watu hukusanyika uwanjani kushindanisha mafahali, kukimbiza farasi na kula nyama mpaka mkanda wa suruali uombe radhi. Hamu ya kwao ilipomzidi hakukaa akalia. Alikodi shamba la bwana mmoja huko Conghua, nje ya mji, akatangaza Siku ya Ranchi. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Waafrika Mashariki wa Guangzhou huvaa kofia pana za wachunga ng'ombe, wakapanda basi la kukodi, wakaenda kujifanya wafugaji, hata wale ambao maziwa wameyajulia dukani.

Bi Muzdalifa wa Wete, Pemba, mnunuzi wa vitambaa vya mabaibui, hakuwahi kukosa. Na kila alipokwenda, alikwenda na sufuria. Si ya kuchemshia chai. Ni ile ya harusi, yenye masikio mawili, ambayo kwenye basi hupewa kiti chake. Ndani yake mna mchele, vitunguu, thumu, bizari nzima na mdalasini. Mara nane alikwenda nayo Conghua, na mara nane akarudi nayo bila kuifunua.

Sababu ni moto. Mwenye shamba, Bwana Liang, aliwahi kuunguliwa na nyasi zake, na tangu siku ile akaamua kwamba moto ni mmoja tu. Ukimwomba wa pili hukujibu "meiyou," yaani hakuna, akaenda zake. Ndipo Macharia akaweka sheria: atakayekaa muda mrefu kuliko wote juu ya dume ndiye atakayeshika moto, na mbuzi wa siku hiyo watapikwa atakavyo yeye. Dume lenyewe ni la umeme, limevikwa ngozi ya bandia, limesimama katikati ya godoro kubwa la kujazwa upepo, na Bwana Liang huliendesha kwa kishikio kidogo cha chuma. Wanaume wa bara walishinda kila mwaka, na kila mwaka watu wakala nyama choma na ugali. Nyama choma ni tamu, hakuna anayebisha, lakini mara nane mfululizo ni dhuluma.

Mwaka huu Bi Muzdalifa alikuwa na lake moyoni. Tiketi ya kurudi Wete ilikuwa mkobani mwake, ya kwenda bila kurudi, siku kumi zijazo. Magoti yake yalikuwa yamechoka na ngazi za Kangle, ambako alikuwa akishonesha mabaibui yake. Aliyejua ni Nahla peke yake, binti wa kaka yake, aliyekuja kuishika biashara.

"Shangazi, si uwaambie?" Nahla alimnong'oneza kwenye basi. "Wakijua unaondoka watakupa moto wenyewe."

"Ndiyo maana siwaambii. Mimi sitaki kupika pilau ya kuonewa huruma."

Aliwapenda watu hawa, kelele zao na kofia zao. Alitaka kuwalisha mara moja kabla hajaondoka, washibe mpaka washindwe kusimama. Lakini moto aupate kwa haki yake.

Saa nne asubuhi mashindano yakaanza. Jepchirchir, mama anayesafirisha mizigo kwenda Eldoret, alishika saa, kwa sababu hajawahi kumpendelea mtu hata mumewe. Kila mpandaji huchagua muziki wake, na wanaume, kwa majivuno, huchagua wa kasi. Stephen wa Nakuru alidumu sekunde thelathini akatupwa miguu juu. Macharia alidumu hamsini na mbili, akaanguka kwa kishindo, akasimama akiinua mikono kama mtu aliyeokoa nchi.

"Basi, ni choma tena!" alitangaza. "Ama kuna mwingine?"

"Nipo mimi," akasema Bi Muzdalifa, akifunga kamba za raba zake. Chini ya baibui alikuwa amevaa suruali ya mazoezi.

"Mathe, kaa tu chini. Nitakuletea mbavu mwenyewe."

"Mbavu zako nimezila mara nane, mwanangu. Nipe kigoda nipandie."

Kicheko kilichopigwa hapo kiliwashtua bata wa Bwana Liang. Lakini Bi Muzdalifa alijua jambo. Kwao Pemba kuna mchezo wa ng'ombe: dume hutolewa uwanjani akiwa na kamba, vijana wakamchokoza, zumari likalia na wanawake wakaimba. Mama yake alikuwa mwimbaji, na alikuwa akimwambia: dume usimtazame, mtazame mwenye kamba, kwani yeye ndiye anayesikia wimbo. Basi miaka yote aliyokaa kando ya sufuria bila kazi, Bi Muzdalifa alikuwa akimtazama Bwana Liang. Bega la yule bwana hucheza na muziki, na mkono wake kwenye kishikio hulifuata bega. Wanaume walikuwa wakijiangusha kwa nyimbo zao wenyewe.

"Zimeni spika," aliamuru kutoka juu ya dume. "Mimi nitaimbiwa. Nahla, anza."

Nahla akaanza, wanawake wakapokea kwa makofi ya polepole, ya kumtoa bibi harusi ndani:

"Taratibu, dume letu, taratibu, twende kwetu."

Bwana Liang akatikisa kichwa. Bega likashuka, likapanda, na dume nalo likashuka na kupanda. Sekunde ishirini. Thelathini. Hofu ikamtoka Bi Muzdalifa, na raha ikamjaa mpaka akaanza kucheka mwenyewe. Kofia ikamwanguka, asiijali. Uwanja mzima sasa ulikuwa ukiimba, hata Stephen, hata wake wa majirani wa Kichina waliokuja kutazama tu. Sekunde hamsini na tatu zikapita, yeye bado yuko juu, na kazi ameshaanza kuigawa.

"Khatib, shika kisu ukachinje mbuzi! Nahla, thumu imenywe yote! Macharia, kuni!"

"Hiyo sasa ni bembea, si ng'ombe!" Macharia alilalamika.

"Kila mtu alichagua wimbo wake," akasema Jepchirchir bila kuinua macho kutoka kwenye saa. "Wewe wako ulikutupa."

Bi Muzdalifa alishuka kwenye dakika ya tatu, kwa hiari yake, kwa sababu vitunguu havijikati.

Pilau ililiwa kwa mikono, juu ya nyasi, na Bwana Liang alirudia sahani mara mbili. Macharia alirudia mara nne. Bi Muzdalifa akamkwangulia ukoko, ambao mpishi hampi mtu asiyempenda.

"Mwaka ujao naja na wimbo wa kulaza watoto," Macharia aliapa, mashavu yamejaa. "Utaona."

Bi Muzdalifa akaiosha sufuria, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaja kuiweka miguuni pa Macharia.

"Hii ibaki kwako."

"Kwani basi limejaa?"

"Ndege, mwanangu. Nikifika nayo uwanjani Baiyun hawataipitisha. Na huko Wete ninazo nyingine."

Macharia alimtazama, akaitazama sufuria, akavua kofia.

"Ungeniambia asubuhi," akasema, "ningekuachia moto."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Macharia aliibeba sufuria mwenyewe mpaka ndani ya basi, akaipakata, hakukubali iwekwe chini. Walipofika barabara kuu aligeuka nyuma, macho mekundu.

"Mathe, huwa unaanza na nini? Nyama ama vitunguu?"

"Vitunguu," akasema Bi Muzdalifa. "Na usivifanyie haraka."