Mji Nilioutoa

Chakula cha mchana kimenilemea, nimejinyoosha mkekani, jicho moja limefumba, la pili bado linabisha, na kichwani naendelea na mchezo wangu wa siku zote: kuwakutanisha watu wa hadithi mbalimbali. Leo ni Bi Nunu na Shani. Bi Nunu ni mkunga wa hadithi za bibi yangu, mkunga wa Mji wa Vioo, hajapoteza mzazi hata mmoja mikononi mwake. Shani ni mwizi wa mchezo wa redio, mcheshi, roho nzuri, lakini kila redio inaporudia mchezo ule anafia kwenye uzazi, peke yake, na mimi nalia kama nimefiwa. Si wakutane tu? Nani atadhurika? Nafumba la pili, na mkeka unakuwa barabara.

Barabara inakwenda, inajikunja, inarudi nilikotoka, kumbe nilikotoka si kule tena, ni mji wa kuta za vioo, kila nyumba inaitazama nyumba mwenzake. Mlango mmoja uko wazi. Ndani yumo Bi Nunu, mafuta mpaka viwikoni, na kitandani mwanamke anang'ata upindo wa kanga. Shikamoo Bi Nunu, nasema, twende, kuna mtu anakufa. Marahaba mwanangu, na huyu Tausi je? Utarudi sasa hivi, atakungoja. Tausi anautoa upindo mdomoni. Dada, usiende naye mbali. Haki ya Mungu, naapa, siendi naye mbali.

Tunatembea, na barabara inarefuka kila tukiikanyaga, mpaka anatokea mtu asiye na uso, mahali pa uso ni laini kama sahani iliyooshwa. Kwa Shani ni wapi? namuuliza. Kitendawili, anasema. Jamani, huu ndio wakati wa vitendawili? Lakini nimelelewa na bibi, mdomo unajibu wenyewe: Tega. Namwita kwangu, kwao taa inazimika. Mwezi, nasema. Siyo. Upepo. Siyo. Huko mbele namsikia Shani analia, basi nakubali nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Nani hajawahi kutoa mji? Utotoni unatoa Tanga, unatoa Lamu, unacheka, na kesho Tanga ipo pale pale. Nami nautoa ulio karibu na ulimi: chukua Mji wa Vioo.

Ala! Bi Nunu ananiachia mkono. Asiye na uso anasema, mji nimeuchukua, na watu wake nimewachukua, na jibu ni mtu wa kuazimwa. Nageuka, na kule nyuma vioo vinazimika nyumba baada ya nyumba. Mdomo gani huu, mdomo usio na breki! Nakupa mwingine, nalia, chukua wa kwetu, chukua nyumba yetu na vilivyomo! Anatupisha tu.

Bi Nunu anamzalisha Shani. Mtoto analia, Shani anacheka, kicheko nilichokitamani miaka yote, na sikifurahii hata kidogo, kinanichoma. Nisamehe Bi Nunu, nasema. Ananawa mikono bila kunitazama. Mimi nikusamehe nini? Kamwombe Tausi. Shani anauliza, Tausi ni nani?

We Mwanakheri! Mama ananitikisa bega. Mkeka ni ule ule, dari ni ile ile, harufu ya samaki wa mchana bado ipo. Alhamdulillahi, nasema, kumbe ndoto. Usingizi gani huo wa pono, mama anafoka, na mwenzio anahangaika chumbani? Kweli nasikia mguno, wa mtu aliyeng'ata nguo. Nyumba hii tunakaa wawili, mimi na mama. Nani huyo, mama? Ananitazama kama nimerukwa na akili. Nani mwingine, si Tausi! Hebu kimbia kamwite mkunga. Nainuka, mkono umeshashika mlango, na hapo sauti inatoka chumbani, dhaifu, haina hata hasira. Mama, inasema, mtume mwingine. Huyo usimtume.